Wati Mbili na Swali la Kutosha

Je, kutosha ni sifa ya kitu chenyewe, au huzaliwa pale kitu kimoja kinapokutana na kingine? Wanafalsafa wa maadili wamelijadili swali hili kwa karne nyingi, wakiuliza juu ya chakula, mali na heshima. Kifaa kimoja cha sebuleni huliweka swali hilo wazi kuliko mifano mingi ya vitabuni, nacho ni amplifaya ya valvu za kioo yenye wati mbili au tatu tu, inayoendesha spika zenye ufanisi mkubwa. Fundi aliyezoea amplifaya za wati mia akiiona namba hiyo hucheka. Ikifungwa kwenye spika fulani, amplifaya hiyo hutoa okestra nzima kwa ukali wa kumfanya jirani agonge mlango. Ikihamishiwa kwenye spika nyingine ndani ya chumba kilekile, ngoma ikilia tu sauti hukwaruza na kukatika. Wati hazikupungua wala kuongezeka, lakini mara ya kwanza zilitosha na mara ya pili hazikutosha.

Ili kuelewa sababu, ni lazima kwanza kujua spika hupimwaje. Spika hupewa wati moja ya umeme, kipimasauti huwekwa umbali wa mita 1 mbele yake, na ukali unaosomwa kwa desibeli ndio unyetivu wake. Spika nyingi za nyumbani husoma kati ya 84 na 89. Zile zinazoitwa za ufanisi mkubwa huanzia karibu na 95, na baadhi hupita 100. Pengo hilo huonekana dogo kwa sababu desibeli hupanda kwa kuzidisha, si kwa kujumlisha. Kila desibeli 3 zinazoongezwa hudai umeme maradufu, na kila desibeli 10 hudai umeme mara kumi. Sikio nalo lina hesabu yake. Ongezeko la desibeli 10, lililomgharimu mwenye amplifaya wati mara kumi, watu wengi huliona kama sauti iliyozidi mara mbili tu. Anayetafuta ukali kwa kununua wati hulipa kumi ili apate mbili.

Mtu akitaka kujua ni kiasi gani cha umeme hugeuka sauti kweli, majibu hayapendezi. Spika ya desibeli 87 hugeuza takriban asilimia 0.3 tu ya umeme inaopewa. Ile ya desibeli 97 hugeuza kama asilimia 3. Karibu sehemu yote iliyobaki huishia kuwa joto kwenye koili ya sauti. Kwa hiyo hata spika inayosifiwa kwa ufanisi hupoteza sehemu 97 katika kila 100, na sifa yake ni ya kulinganishwa na wenzake, ambao ni wapotevu zaidi.

Hesabu ya chumba kimoja inatosha kuonyesha maana ya jambo hili. Msikilizaji ameketi mita 3 kutoka kwenye spika mbili. Anapenda sauti ya wastani ya desibeli 78, ambayo ni kubwa bila kuchosha, na muziki anaousikiliza una vilele vinavyopanda desibeli 15 juu ya wastani huo, yaani hadi 93. Umbali wa mita 3 humnyang'anya desibeli 9.5 hivi, na spika ya pili humrudishia 3. Kwa spika za desibeli 97, kila upande utahitaji takriban wati 1.8 kwenye vilele hivyo. Kwa spika za 87, atahitaji kama wati 18. Kwa spika za 105, robo ya wati na kidogo zaidi itamfikisha. Kuta zinazorudisha mwangwi huzipunguza namba hizi zote. Cha kushangaza zaidi ni kinachotumika muda mwingi, kwani kwenye sauti ya wastani spika ile ya 97 hula kama sehemu moja ya kumi na nane ya wati. Sehemu kubwa ya muziki unaosikika majumbani huchezwa na kiasi cha umeme ambacho hakiwezi kuwasha hata taa ndogo ya kusomea, na wati nyingine zote zipo kwa ajili ya vilele vya kitambo kifupi.

Hali hii ya vitu viwili kutafutana haikubuniwa na wapenda muziki wa leo. Ilianzia kwenye uhaba. Filamu zenye sauti zilipoingia katika majumba ya sinema ya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, wati zilikuwa ghali na chache. Hata katika miaka ya 1930, amplifaya ya Western Electric 91A, iliyotumia valvu ya 300A, ilitoa wati 8 hivi, na kazi yake ilikuwa kuwafikia watazamaji wa ukumbi mzima. Njia pekee ilikuwa kuifanya spika iwe nyepesi kuitikia, ndiyo maana wahandisi wakatumia honi kubwa zinazoibeba sauti kutoka kwenye kiwambo kidogo na kuitoa kwa mdomo mpana. Kanuni hiyohiyo ndiyo inayoziwezesha spika za honi zilizofungwa kwenye minara ya misikiti ya Mombasa na Unguja kuifikisha adhana mtaa wa tatu bila mashine kubwa. Mwaka 1946 Paul Klipsch alianzisha kampuni yake mjini Hope, Arkansas, akauza spika ya nyumbani iliyoifuata njia hiyo. Klipschorn husimama pembeni kabisa mwa chumba, nazo kuta mbili zinazokutana huwa sehemu ya honi yake. Mtengenezaji huitaja kuwa na desibeli 105, namba ambayo ndani yake imo zawadi ya chumba. Ikiondolewa kwenye kona, si spika ileile tena.

Mambo yaligeuka mwaka 1954. Edgar Villchur na Henry Kloss walianzisha Acoustic Research katika jimbo la Massachusetts, wakatoa spika ndogo iliyozibwa kabisa, ambayo hewa ya ndani ndiyo springi yake. Ilishusha besi hadi chini sana kwa umbo linaloweza kukaa kwenye rafu, lakini ilidai umeme mwingi. Mabadilishano hayo hayana njia ya mkato. J. Anton Hofmann, aliyeshirikiana baadaye na Kloss katika kampuni ya KLH, ndiye anayehusishwa na kanuni inayosema kwamba kati ya sanduku dogo, besi ya chini na ufanisi mkubwa, mtengenezaji atapata viwili na cha tatu atakikosa. Dunia ilichagua sanduku dogo na besi. Transista zikaja kuzishusha bei wati, na uchaguzi huo ukasahaulika kuwa uliwahi kuwa uchaguzi. Valvu kama 2A3, yenye wati 3.5 hivi, na 300B, yenye wati 8 hivi, zikaonekana masalia ya zamani, mpaka wapenda muziki wa Japani walipozirudia pamoja na spika kuukuu za sinema, na Jean Hiraga akasaidia kuieneza ladha hiyo Ufaransa.

Hapa ndipo Aristotle anapohusika. Katika kitabu cha pili cha Maadili ya Nikomako, anatenganisha aina mbili za kati na kati. Moja ni ya hesabu, kama vile sita ilivyo katikati ya mbili na kumi, na hiyo haibadiliki kwa mtu yeyote. Nyingine ni ya kati na kati kwa mhusika. Mkufunzi wa michezo, anasema, akijua kwamba ratili kumi za chakula ni nyingi na mbili ni chache, hawezi kumwagizia kila mtu sita, kwani sita huenda zikawa chache kwa Milo mwanamieleka na nyingi kwa anayeanza mazoezi leo. Matangazo ya dukani hukosea palepale alipoonya Aristotle. Huipanga nguvu ya amplifaya kwa hesabu tupu, wati 20 chini, wati 200 juu, kana kwamba ipo namba ya kati inayomfaa kila mwenye masikio. Lakini mfano wa amplifaya hauishii alipoishia Aristotle. Kwake chakula kinabaki chakula na mlaji ndiye anayebadilika. Kwenye muziki wa nyumbani pande zote hubadilika pamoja, yaani spika, chumba, umbali wa kiti, na hata muziki wenyewe. Udi na sauti moja ya mwimbaji haviombi kinachoombwa na singeli yenye besi ya kielektroniki. Mtu anayesema wati mbili zinatosha, bila kutaja zinamtosha nani kwa kazi gani, hajasema uongo wala ukweli, kwa kuwa sentensi yake haijakamilika.

Zaidi ya hayo, kiasi siyo kitu pekee kinachopatanishwa. Wapo walionunua spika ya desibeli 96, wakapiga hesabu ya wati vizuri, kisha wakapata sauti iliyojaa uvimbe hapa na shimo pale. Sababu huwa ni ukinzani. Amplifaya ya trayodi moja, yaani ya valvu moja kama 2A3 au 300B kila upande, isiyo na mrejesho mara nyingi huwa na ukinzani wa ndani wa omu 2 au 3 upande wa kutolea sauti, ilhali ya transista huwa na sehemu ndogo ya omu moja. Spika iliyoandikwa omu 8 mgongoni nayo haibaki hapo. Kwenye masafa fulani hushuka hadi 4, na kwenye besi inaweza kupanda hadi 30. Amplifaya yenye omu 2 ndani yake hupoteza desibeli 3.5 pale spika inaposhuka hadi omu 4, na hupoteza desibeli 0.6 tu pale inapopanda hadi 30. Tofauti hiyo ya karibu desibeli 3 husikika wazi. Kila mpando na mteremko wa ukinzani wa spika huchorwa ndani ya muziki. Kwa sababu hiyo spika inayozifaa amplifaya hizi haihitaji wepesi peke yake, bali pia ukinzani uliotulia tangu besi hadi sauti nyembamba. Fundi mzoefu hujaribu pia sehemu tofauti za kuunganishia kwenye transfoma ya kutolea, ile ya omu 4, 8 au 16, bila kuiamini namba iliyoandikwa mgongoni mwa spika.

Wepesi nao una deni lake. Spika inayoitikia mnong'ono wa muziki huitikia pia kila uchafu wa umeme. Ikiwa milivolti moja tu ya mngurumo inavuja kwenye nyaya za spika ya omu 8 yenye desibeli 105, sikio lililo mita 1 mbele hupata desibeli 36 hivi, na mngurumo wa hezi 100 wa ukali huo husikika katika chumba kimya usiku. Spika ya desibeli 87 ingeutoa kwa desibeli 18, chini ya uwezo wa sikio kwenye masafa hayo, na mwenye nyumba asingejua kwamba upo. Nyuzi za valvu ya 300B zikipashwa moto kwa umeme wa kawaida wa kupishana, mngurumo huo hauepukiki kirahisi. Wengi hulazimika kuugeuza uwe umeme mnyoofu na kuusafisha kwanza. Amplifaya mbovu kwenye spika nzito inaweza kuishi miaka mingi bila kugunduliwa.

Swali la pili la kifalsafa huanzia hapa, nalo ndilo linalowagombanisha watu zaidi. Ikiwa kazi ya amplifaya ni kuwa mwaminifu, je, ile ya trayodi moja ni mwaminifu? Vipimo vinasema hapana. Karibu na ukomo wake, huongeza asilimia kadhaa za upotoshaji, nyingi zikiwa harmoniki ya pili, yaani sauti iliyo oktava moja juu ya ile ya asili. Watetezi hujibu kwamba sikio huvumilia oktava kwa sababu oktava imo ndani ya ala zenyewe, na kwamba upotoshaji wa aina hiyo hupungua kadiri sauti inavyopunguzwa. Hoja ya pili ndiyo yenye nguvu, nayo inarudi kwenye upatanisho. Amplifaya ya wati 3 inayoombwa sehemu ya kumi na nane ya wati, muda mwingi haifiki mahali inapopotosha sana. Ileile, ikifungwa kwenye spika nzito, hutumia maisha yake yote ukingoni. Kwa hiyo hata uaminifu, ambao huonekana kuwa sifa ya ndani ya kifaa, huamuliwa kwa sehemu na kile kilichofungwa mbele yake.

Bado wapo wanaodai kwamba valvu ina kitu kisichopimika. Mwanafalsafa David Hume aliandika insha mwaka 1757 kuhusu kipimo cha ladha, na ndani yake akasimulia kisa alichokitoa katika riwaya ya Cervantes. Ndugu wawili wa Sancho, mhusika wa riwaya hiyo, waliitwa kuonja mvinyo wa pipa moja. Wa kwanza akasema ni mzuri, ila una ladha ya ngozi. Wa pili akasema ni mzuri, ila una ladha ya chuma. Wakachekwa. Pipa lilipomiminwa hadi mwisho, chini yake ukakutwa ufunguo wa zamani wenye kamba ya ngozi. Kisa hiki huwapendeza wenye masikio makali, kwa kuwa waonjaji walishinda. Lakini kinaweka pia sharti ambalo hawalipendi sana, kwamba pipa limiminwe ufunguo uonekane.

Mwaka 1985 pipa la namna hiyo lilimiminwa Marekani. Mhandisi Bob Carver aliwaambia wahariri wa jarida la Stereophile kwamba angeweza kuirekebisha amplifaya yake ya transista, ya bei nafuu, ilie kama amplifaya yoyote watakayoichagua. Wakamletea ya valvu, ya bei kubwa mno. Carver alizipa zote mbili muziki uleule, akaitoa ishara ya moja kwenye ya nyingine, akawa anabadilisha vipande vya ndani mpaka masalio yakabaki madogo sana. Wahariri wakasikiliza, wakashindwa kuzitofautisha. Tukio hilo halikuthibitisha kwamba amplifaya zote hulia sawa. Kabla ya marekebisho zilitofautiana, na wahariri walizitofautisha. Lilionyesha kwamba kilichosikika kilikuwa na chanzo kinachoweza kufuatiliwa. Utamu wa valvu ni wa kweli kama ladha ya ngozi ilivyokuwa ya kweli kwenye mvinyo, na una ufunguo wake chini ya pipa.

Lakini kubaini chanzo cha sauti hakuamui kama sauti hiyo inamtosha msikilizaji. Upande huu, mawazo ya Kiislamu yana la kusema ambalo wahandisi hawana. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitenga kitabu kizima ndani ya Ihya Ulum al-Din kwa adabu za kusikiliza. Hakuridhika na kuuliza kama muziki ni halali au haramu kwa ujumla wake. Aliuliza nani anasikiliza, moyoni mwake mna nini, na sauti ile inakwenda kuchochea kitu gani kilichokuwamo tayari. Alipokea pia fundisho la Junayd wa Baghdad kwamba usikilizaji huhitaji wakati unaofaa, mahali panapofaa na watu wanaofaa. Hayo ni masharti ya uhusiano, na yanaingia kwenye hesabu ya desibeli bila kulazimishwa. Usiku wa manane, katika chumba tulivu, na msikilizaji mmoja aliye makini, desibeli 65 ni nyingi. Arusini, mahali palepale pakiwa pamejaa watu, desibeli hizohizo hazisikiki. Amplifaya ndogo humlazimisha mwenyewe ajue kwanza anasikiliza nini, saa ngapi na akiwa na nani, na wengine huiita hali hiyo nidhamu. Pengine ni kizuizi tu ambacho wenye nacho wamejifunza kukipenda. Tofauti ya mambo hayo mawili si rahisi kuionyesha kutoka nje.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kuiona amplifaya ya wati mbili kama somo la kiasi, kinyume cha israfu. Dai hilo lina kasoro kubwa. Valvu ya 300B inayotoa wati 8 humeza zaidi ya wati 30, na nyuzi zake huhitaji wati 6 nyingine ili zipate moto. Kwa vile inafanya kazi katika daraja A, hula kiasi hichohicho muziki ukilia au usipolia. Amplifaya ya pande mbili yenye valvu za aina hiyo huvuta zaidi ya wati 100 kutoka ukutani ili itoe, kwa saa nzima, sehemu ndogo ya wati moja ya muziki. Spika zinazoitosheleza nazo hudai nafasi. Klipschorn ina kimo cha takriban mita 1.3, inataka kona mbili tupu zenye kuta imara, na nyumba nyingi za kupanga hazina hata moja. Kilichopungua kwenye waya wa spika kimeongezeka kwenye bili ya umeme, kwenye mbao na kwenye mita za mraba. Hofmann angesema deni limehamishwa daftari.

Mtu ambaye nia yake ni kutumia kidogo kweli ana njia nyingine, isiyo na mvuto wa kioo kinachong'aa. Spika ileile ya honi inaweza kuendeshwa na kibati cha amplifaya ya daraja D kinachovuta wati chache tu kwa jumla, na ikafika desibeli zilezile kwenye kiti kilekile. Sauti itabadilika kidogo, kwa kuwa ukinzani wa ndani wa kibati hicho ni karibu na sifuri, na spika iliyopangwa kwa ajili ya trayodi inaweza kusikika kavu zaidi kwenye besi. Kipinga cha omu 2 chenye uwezo wa wati kadhaa, kikiunganishwa kwa mfuatano kwenye waya mmoja wa spika, hurudisha sehemu kubwa ya tofauti hiyo. Kisichorudi ni harmoniki ya pili, na kwa sauti ndogo inayotumika muda mwingi, hiyo ilikuwa kidogo tangu mwanzo.